Ngozi, reksini, raba au ukili: asiyetaka kuvaa kitu cha mnyama hapa Unguja achukue kipi

Ramadhani iliyopita mtoto wa dada yangu kaja likizo kutoka chuo Dar, siku ya kwanza tu tumekaa tunafuturu akaniambia, "Mama mdogo, mwaka huu makubadhi ya Idi usinishonee, vya ngozi sivai tena." Mie nkadhani yale ya mwaka jana yalimtoa malengelenge. Akasema hapana, kaamua tu, kuanzia sasa havai kitu kilichotoka kwa mnyama, si ngozi, si hariri, si sufu, si manyoya. Nyama kwa bibi yake bado anaonja asije akamvunja moyo mzee, lakini ya mwilini keshakata shauri. Bibi yake akanyamaza kidogo khalafu akamuuliza, "Sasa utatembea peku?"

Swali la bibi ndo lililotuzungusha mji mzima wiki mbili, Darajani, Mlandege, Mkunazini, kwa mafundi viatu, kwa wauza mtumba, kwa wanaofuma mikoba. Mie mwenyewe nauza mikoba na nguo za kushona miaka mingi na wageni wananiuliza hilohilo karibu kila siku, hichi kina ngozi au hakina, kwa hiyo nimeona niyaandike yote tuliyoyaona tukilinganisha kimoja kwa kimoja. Maana watu wanauziwa "leza ya vegani", yaani ngozi isiyo ya mnyama, wakidhani wamenunua kitu cha shambani kumbe wamenunua plastiki, na mtu aliyeamua jambo kwa moyo safi hastahiki kudanganywa dukani.

Neno vegani lenyewe lilianza Uingereza mwaka 1944, Donald Watson na wenzake walipoanzisha jumuiya yao ya Vegan Society, na wao wenyewe wanasema mtu ajiepushe na kuwatesa na kuwatumia wanyama kwa kadiri inavyowezekana. Hilo "kwa kadiri" mie nimelishika sana. Kisiwani kwetu kuna fukuto, jasho, chumvi ya bahari na masika ya miezi mitatu, na kitu kinachodumu London kwenye kabati kavu hapa kwetu kinaweza kufa mwaka wa kwanza. Kwa hiyo nlivyokuwa nalinganisha sikuuliza tu kina mnyama au hakina, nliuliza na hili, kitadumu? na kikiharibika fundi wa mtaani atakiweza? Kisipotengenezeka basi utanunua chengine na chengine, na vyote vinaishia jaani.

Tuanze na miguuni maana hapo ndo penye kazi.

Makubadhi ya ngozi wote tunayajua. Mwezi wa kwanza yanakuuma baina ya vidole, mwezi wa pili yanalegea, ukifika wa tatu yameshachukua umbo la mguu wako hata mwenzio akiyavaa anahisi si yake. Jasho linapita, hayanuki kirahisi, kamba ikikatika fundi anaunga, soli ikilika anakata nyengine anagonga. Mume wangu ana pea ya Ijumaa kainunua mwanetu wa mwisho hajazaliwa na mtoto sasa yuko kidato cha pili, imeshabadilishwa soli mara tatu. Ubaya wake ni maji. Umeyavua mlangoni mwa msikiti mvua ikapiga, ukenda nyumbani ukayaanika juani, basi yanakauka kama kibao yanapasuka, inatakiwa yakaukie kivulini taratibu na yapakwe mafuta kidogo. Na masika ukiyafungia kabatini unayakuta yameota ukungu wa kijani, ule unafutika kwa kitambaa tu lakini usiposhughulika unaingia ndani. Maji ya bahari ndo usiyakaribie kabisa.

Reksini sasa, yaani ngozi bandia. Watu wengi hawajui ni kitu gani hasa. Ni kitambaa, mara nyingi polista, juu yake kimepakwa utando wa plastiki, ama PVC ama ile wanayoita PU kwa urefu wake poliurethani, khalafu wakakipiga chapa ya vinyweleo ili kifanane na ngozi. Siku ya kwanza kinapendeza kuliko ngozi, kinang'ara, chepesi, na rangi zote zipo. Kwa pesa ya makubadhi mazuri pea moja unarudi na pea mbili hata tatu za reksini. Hakuna mnyama ndani yake, hilo kweli, ingawa gundi nayo ya kuulizia japo siku hizi nyingi ni za kemikali.

Lakini PU haipendi unyevu. Unyevunyevu wa hewa na joto unaivunja taratibu kutoka ndani, hata kama hujaivaa, ndo maana unaona mkoba au kiatu kimekaa kabatini kizima ukikitoa kinabambuka vigamba vinakubakia mikononi. Si kwamba uliuziwa kibovu, ndo tabia yake, na hewa ya kwetu inaiharakisha. PVC inavumilia maji zaidi lakini ni ngumu, inabana jasho, na kwa joto la kaskazi mguu unachemka humo ndani. Fundi mmoja wa Mlandege nlimpelekea kiatu cha reksini akakipindua mara mbili akanirudishia, akanambia dada hichi nikipitisha sindano panachanika, uzi hauna pa kushika. Ngozi ina nyuzinyuzi zimesukana, sindano ikipita zinaushika uzi, reksini ni utando juu ya kitambaa chepesi basi kila tundu ni mwanzo wa mchaniko.

Na hapa wenye viatu vya ngozi msikae mkastarehe, angalieni soli. Viatu vingi vya dukani juu ngozi safi lakini soli ni hiyohiyo PU, ukikiweka miaka mitatu cha arusi, siku unakivaa unakwenda hatua kumi soli inamomonyoka kama biskuti ilochovywa chai. Soli ya mpira wa kweli au ya ngozi haifanyi hivyo.

Kutofautisha ngozi na reksini, angalia ukingo uliokatwa, wala usihangaike na uso wake. Ngozi ukingoni unaona manyuzi kama ya gome la mti, reksini unaona tabaka mbili, kitambaa chini plastiki juu, kama mkate uliopakwa siagi. Ukibonyeza ngozi kwa kidole inakunjika mikunjo midogo isiyo sawa, reksini inabonyea yote pamoja. Harufu siku hizi wanaitia, usiitegemee. Na kuna ile ya kuogopwa na pande zote, ngozi ya kusagwa, wanachukua mabaki ya kiwandani wanayasaga wanayagandisha na PU wanaita leza. Hiyo ina mnyama ndani kwa hiyo vegani haimfai, na inabambuka kama reksini kwa hiyo mpenda ngozi pia haimfai.

Kwa viatu vya mtumba vinavyotoka Ulaya kuna msaada mkubwa na wauzaji wengi hawaujui. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 1994 inataka kila pea ya viatu iwe na kialama kinachoonesha imefanywa kwa nini, sehemu tatu, juu, ndani na soli. Picha ya ngozi ya mnyama iliyotandazwa, ile yenye miguu minne, ni ngozi. Hiyohiyo ikiwa na almasi ndani yake ni ngozi iliyopakwa utando. Kama wavu wa nyuzi ni kitambaa. Almasi peke yake ni vitu vyengine, yaani raba, plastiki na kadhalika. Angalia chini ya soli au ndani ya ulimi wa kiatu. Mtoto wangu huyu alivyojua hilo alisimama Darajani kwenye gunia la viatu nusu saa anavigeuza kimoja kimoja, muuzaji akadhani anatafuta pesa zilizopotea.

Jambo la bitana nataka nikae nalo kidogo kwa sababu hata usiye vegani linakuhusu. Viatu vingi vya kutoka nje kwa ndani vina ngozi ya nguruwe, laini, nyembamba, ya bei nafuu. Sisi wengi wetu hapa ni wa madhehebu ya Shafii na ngozi ya mnyama mwengine ikishatengenezwa inatwahirika lakini ya nguruwe, kama ya mbwa, haitwahiriki hata uifanye nini. Kuijua, tazama vinyweleo, ngozi ya nguruwe vitundu vyake vinakaa vitatu vitatu kama mafiga, vikundi vikundi. Ya ng'ombe vimesambaa tu. Kile kialama cha Ulaya kitakwambia ngozi lakini hakikwambii ya mnyama gani, kwa hiyo lazima jicho. Mie nimekutana na kina mama wanachagua viatu visivyo na ngozi kabisa kwa sababu hii tu, hawajawahi kusikia neno vegani maishani mwao, na wanafika palepale.

Haya, asiyetaka ngozi na asiyetaka reksini avae nini? Viko, na vyengine tulikuwa navyo zamani. Raba za turubai za pamba zenye soli ya mpira, mie kwangu ndo za kwanza kwa mtu wa mjini, zinafuliwa, zinakauka, turubai likichanika linashonwa. Tatizo lake hapa kwetu ni kuvua na kuvaa, mtu unavua viatu mara ngapi kwa siku, kila mlango, sasa kufunga kamba kila mara inachosha, chagua zisizo na kamba. Ndara za mpira ni za uani na pwani, hazina shida ila huendi nazo ofisini. Katambuga za matairi, zile wanazovaa Wamasai ufukweni, hizo hazifi, tairi limeshamaliza kazi yake barabarani linaanza kazi nyengine mguuni, nzito kidogo lakini soli yake hutaibadilisha kabla hujachoka nayo. Kwa aliye mkali sana ajue kwamba kwenye mpira wa matairi hutiwa asidi ya mafuta ambayo mara nyengine inatoka kwenye shahamu ya wanyama, lakini hapo ndo nasema ile "kwa kadiri" imewekwa kwa ajili yake. Na bibi akatukumbusha mitalawanda, viatu vya mbao vya kukogea, kwao kila nyumba ilikuwa navyo, unasikia ko ko ko mtu anakwenda msalani. Hivyo ni mti mtupu.

Sasa ule mjadala wenyewe, maana nyumbani kwetu tuliufanya kila usiku baada ya tarawehe na sauti zilipanda.

Mume wangu anasema ng'ombe hachinjwi kwa ajili ya ngozi, anachinjwa kwa nyama, ngozi usipoivaa inaoza. Na hapa kwetu hilo lina nguvu sana. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na Idi Kubwa ikipita nendeni mkaone ngozi zilivyo, nyengine zinafukiwa, nyengine zinatupwa. Ngozi ya udhiya mwenye kuchinja haruhusiwi kuiuza wala kumlipia mchinjaji, aitumie mwenyewe au aitoe sadaka, lakini kama hakuna wa kuipokea na kuitengeneza sadaka hiyo inaliwa na mafunza. Mie nauma nikiona hivyo, mnyama kachinjwa kwa ibada khalafu nusu ya neema imefukiwa.

Mtoto akamjibu baba yake mdogo vizuri tu kwa adabu, kwamba pesa ya ngozi nayo inaingia kwenye hesabu ya anayefuga na anayechinja, kwa hiyo anayenunua ngozi na yeye anachangia, na kwamba kuna wanyama hawafugwi kwa nyama kabisa, wanafugwa kwa ngozi na manyoya yao tu, kama mink, kile kinyama kidogo cha manyoya laini. Kwa hao sisi sote tulikubaliana, hatukubishana hata dakika. Nyumba kubwa za mitindo nazo zimeanza kuliona hilo, Stella McCartney tangu anafungua jina lake 2001 hakutumia ngozi wala manyoya, na Gucci mwaka 2017 wakatangaza wanaacha manyoya.

Khalafu kuna maji. Zaidi ya asilimia 80 ya ngozi duniani inatengenezwa kwa chumvi za kromiamu, kazi inakwisha siku moja mbili badala ya wiki au miezi, lakini maji machafu yakiachiwa bila kusafishwa ni balaa. Dhaka huko Bangladesh viwanda vya Hazaribagh vilimwaga uchafu kwenye mto Buriganga miaka na miaka mpaka serikali ikavihamisha 2017. Njia ya zamani ni magome ya miti, na pwani yetu hii iliwahi kusafirisha magome ya mkoko nchi za nje kwa kazi hiyohiyo ya kutengeneza ngozi. Sasa mikoko tunaihitaji isimame ilinde pwani, siwezi kusema tuirudie, bara wana miti ya miwati huko Njombe inafanya kazi hiyo. Kwa anayeendelea kuvaa ngozi basi aulizie iliyotengenezwa kwa magome, inakuwa ngumu mwanzo lakini inazeeka vizuri.

Na upande wa pili, reksini, inatoka kwenye mafuta ya petroli. Haiozi. Sisi Zanzibar tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, bara wakafata 2019, tukajisifu kwa haki kabisa, sasa mkoba wa reksini wa msimu mmoja una plastiki ya mifuko mingapi? Ukishabambuka unakwenda jaani Kibele au unachomwa nyuma ya nyumba, na PVC ikichomwa moshi wake una sumu, watoto wanacheza hapohapo. Hilo mie linaniuma kuliko yote kwa sababu kisiwa hakina pa kuficha taka.

Niliposema hivyo mtoto akanambia, "Mama mdogo, mimi sijasema nataka plastiki, nimesema sitaki ngozi." Na kweli. Ndo nikajua tulikuwa tunabishania mlango usio wake. Anayesema mnyama asiuliwe kwa ajili yake, hesabu za miaka kiatu kitadumu hazimbadilishi na mie simlaumu, ni jambo la roho. Anayesema anaacha ngozi ili kulinda mazingira, huyo lazima afanye hesabu, na pea tano za reksini dhidi ya pea moja ya ngozi iliyoshonwa soli mara tatu, mie namwambia ngozi imeshinda. Jiulizeni kwanza nyinyi ni yupi kati ya hao wawili, maana jibu la dukani linatofautiana.

Wale wa teknolojia nao wapo. Piñatex inatokana na majani ya nanasi, aliyeianzisha Carmen Hijosa, Mhispania, alikuwa mtaalamu wa bidhaa za ngozi akapelekwa Ufilipino akaona viwanda vya ngozi akachukia, akatazama wafumaji wa huko wanavyotumia nyuzi za nanasi. Inahitaji kama majani 480 kwa mita moja ya mraba, majani ambayo yangetupwa. Desserto ni ya Meksiko, Adrián López Velarde na Marte Cázarez walioitoa 2019, inatokana na mpungate, ule uleule wa miba. Nilifurahi sana nlivyosoma, mananasi si tunayo na mpungate si tunao. Lakini ukisoma chini yake unakuta Piñatex ina resini juu yake na Desserto ina PU ndani yake, yaani mmea umepunguza plastiki haujaiondoa. Mwaka 2021 taasisi ya FILK ya Freiberg Ujerumani ilipima ngozi pamoja na hizi mpya, na haikupata hata moja iliyofikia ngozi kwa mambo yote pamoja. Dukani kwetu hapa huzioni, ukiagiza nje bei inakuwa juu, mie kwa sasa simshauri mtu wa Unguja au Pemba atoe pesa hiyo, labda baadae.

Mikoba. Hapa mie sioni haja ya kulinganisha kwa muda mrefu, ukili umeshinda kila kitu. Mkoba wa ukili wa miyaa au wa ukindu, umesukwa Pemba au Makunduchi, unabeba samaki, unabeba vitabu, unachakaa unaurudisha shambani unaoza ukawa mbolea. Mkeka mzuri wa ukindu mnajua wenyewe unakaa miaka mingapi. Mkoba wa ngozi nao unadumu, lakini mzito, na ukungu wa masika ni uleule. Ila anayeepuka mnyama aangalie mishikio! Mikoba mingi ya madukani ya wageni siku hizi imetiwa mishikio ya ngozi au ya reksini kupendezesha, na ndani bitana ya nailoni. Mwambieni msukaji akusukie mishikio ya ukili mnene au kamba ya usumba. Hiyo kamba ina kazi kubwa jamani, makumbi yanafukiwa pwani kwenye mchanga wa maji miezi kadhaa mpaka yalainike, khalafu kina mama wanayapiga kwa gongo mpaka nyuzi zitoke, wanasokota kwa mikono. Msipunguze bei mkikuta mama anauza. Anayetaka mkoba wa ofisini wenye zipu achukue turubai au katani.

Mshipi wa kiunoni, ngozi inadumu, reksini inakatika kwenye matundu ndani ya miezi, mshipi wa utepe wa pamba ule wa kusukwa unafanya kazi sawa na hauna matundu ya kukatika. Basi.

Nguo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani kwa sababu mavazi yetu karibu yote hayakuwa na mnyama tangu zamani. Kanga pamba, kikoi pamba, kofia ya viua pamba na uzi, kanzu pamba, merikani iliyokuja na majahazi ya Wamarekani pamba. Hariri inaingia kwenye vilemba, shela za arusi na madarizi, na kwa wanaume hariri dini imeshawazuia kwa hiyo hawana cha kuacha. Kwa wanawake anayetaka kujua kwa nini vegani anaikataa, wale viwavi wanatiwa maji ya moto au mvuke wakiwa ndani ya vifuko vyao ili uzi usikatwe wanapotoka, na shela moja ni vifuko vingi sana. Mbadala wanaokuuzia ni satini ya polista, inang'ara sawa lakini haipitishi hewa, bibi arusi analoa jasho mpaka wanja unamwagika. Viskosi inatokana na mti, inaanguka vizuri mwilini na inanyonya jasho, kwa shela na kwa buibui mie naichagua hiyo kabla ya polista, ingawa kiwandani inatumia kemikali kali, na kama ukibahatika kuona imeandikwa Lyocell hiyo ndo bora maana kemikali yake inazungushwa kiwandani haimwagwi. Buibui na abaya nyingi za sasa ni polista tupu, hazina mnyama, lakini kila ukizifua zinatoa vinyuzi vya plastiki vinavyokwenda baharini tunakovua. Kanga nazo angalieni, siku hizi zimejaa za polista, rangi kali lakini zinateleza mwilini, hazinyonyi maji na haziwezi kumbeba mtoto, chovya ncha kwenye maji, ya pamba inakunywa palepale.

Sufu kwetu ni mablanketi na masuti tu, nalipita. Mito, sisi tuna usufi, nyepesi, haina unyoya wa bata, wala usinunue mto wa povu. Mapambo mtu anasahau, bangili na vichana vya ng'amba vya zamani ni gamba la kasa na biashara yake imekatazwa, kombe za baharini nazo ni nyumba za viumbe hai, kwa hiyo mgeni anayejiita vegani khalafu ananunua kombe kubwa ufukweni inabidi nimwambie kwa upole, na mara nyingi anairudisha.

Tukarudi kwenye viatu vya Idi. Yale makubadhi ya mwaka jana tulibishana, avae yaishe au ayaache, mie nkamwambia ng'ombe keshakufa ukiyatupa kafa bure, yeye roho haikumkubalia, akampa bibi yake na mguu ni mmoja kabisa. Yeye tulimshonea kwa fundi wa Mkunazini, soli ya tairi la baskeli lililobandikwa juu ya raba, sura ya makubadhi kabisa na ule mchoro wake, lakini mikanda ya turubai nene la pamba jeusi. Fundi mwanzo alikataa, akasema turubai litafumka, tukamuomba ajaribu. Idi akavaa na kanzu ya kitambaa chepesi watu wakauliza amenunua wapi.

Mfunguo Pili turubai likafumka kweli pale penye kidole gumba, uzi ukaanza kutoka. Fundi akalirudisha, mara hii akalikunja ukingo mara mbili kabla ya kushona na pale kidoleni akapachika kipande cha pili ndani, na mpaka leo naandika halijaguswa tena. Kwa hiyo mkienda kwa fundi wenu mwambieni mapema, turubai likunjwe mara mbili, uzi wa nailoni uliotiwa nta ya mishumaa na sio ya nyuki kama unaepuka mpaka nyuki, na kidoleni vipande viwili.